Mpaka wa Skuli ni Milki ya Nani?

Katika kila mji wa Marekani pana mistari isiyoonekana kwa macho. Haikuwekewa mawe wala haikupandiwa miti; imeandikwa katika ramani iliyomo ofisini mwa baraza la skuli. Mtu akikaa upande huu wa njia, mwanawe huenda skuli hii. Jirani yake aliye ng'ambo ya njia, ambaye huazimana naye ngazi na jembe, mwanawe huenda skuli ile. Skuli zote mbili ni za umma, hazitozi ada, na milango yake yasemwa kuwa i wazi kwa watu wote. Walakini huenda moja ikawa imejaa watoto wa matabibu na mawakili, na ya pili ikawa imejaa watoto wa wafagiaji na wapishi. Ya kwanza nyuso zake karibu zote ni nyeupe, na ya pili nyuso zake karibu zote ni nyeusi. Je! yafaa wenye amri kuuondoa mstari huo na kuutia mahali pengine, kwa makusudi ya kuwachanganya watoto hawa? Au kufanya hivyo ni kumdhulumu yule aliyeukuta mstari mahali pake, akajenga maisha yake juu yake? Watu wa nchi ile wamegombana juu ya suali hili kwa zaidi ya miaka sabini, nao hawajamaliza.

Msomaji na ajue kwanza ya kuwa mistari hiyo ni ya namna mbili, na asiyezipambanua hataufahamu ugomvi wenyewe. Namna ya kwanza ni mpaka wa wilaya ya skuli. Marekani ina wilaya za skuli zipatazo 13,000, na kila moja ina baraza lake na hazina yake. Karibu nusu ya mapato ya skuli za huko hutoka katika fedha za mahali pale pale, na sehemu kubwa ya fedha hizo ni kodi ya majumba na ardhi. Basi wilaya yenye majumba ya thamani hupata mali nyingi kwa kodi nyepesi, na wilaya yenye vibanda hujitoza kodi nzito ikapata haba. Mwaka 1973, katika daawa iliyotoka San Antonio, Texas, Mahkama Kuu ya Marekani ilihukumu, mahakimu watano kwa wanne, kuwa tofauti hii haivunji katiba. Namna ya pili ni mstari ulio ndani ya wilaya moja, unaogawanya mitaa baina ya skuli za wilaya hiyo. Huu wa pili baraza laweza kuuchora upya kila linapoona haja, nalo huuchora mara nyingi: skuli mpya ikijengwa, au skuli ya zamani ikifurika hata watoto wakasomeshwa ukumbini. Na mstari unaposogezwa kwa sababu ya kufurika, watu hunung'unika siku mbili tatu wakanyamaa. Unaposogezwa kwa sababu ya kuchanganya, ndipo moto huwaka. Hilo peke yake lamtosha mwenye akili kujua kuwa ugomvi si wa mstari.

Wanaopinga hupenda kusema kuwa mtoto na asome katika skuli iliyo karibu na kwao, na kwamba hii ni ada ya kale isiyofaa kuvunjwa. Maneno haya ni mazuri, lakini tarikh haiyashuhudii. Linda Brown wa mji wa Topeka, katika jimbo la Kansas, ambaye babake alikuwa wa kwanza kutajwa katika daawa iliyohukumiwa tarehe 17 Mei 1954, alikuwa akikaa karibu na skuli ya Sumner. Sumner ilikuwa ya weupe. Basi alilazimika kupita penye njia za reli, akangoja basi, akapelekwa skuli ya Monroe iliyo mbali zaidi, kwa kuwa yeye ni mweusi. Wakati ule hao weupe hawakupiga kelele kuwa basi lamchosha mtoto, wala kuwa mtoto na asome karibu na mamake. Na katika majimbo ya kusini, miaka na miaka, mabasi yaliwapitisha watoto mbele ya milango ya skuli za karibu yakawapeleka mbali, ili weusi na weupe wasikutane. Ukaribu haukutukuzwa illa pale ulipoanza kuwafaa wenye kuutukuza.

Na mitaa yenyewe haikuota kama magugu baada ya mvua. Mwaka 1933 serikali ya Marekani iliunda shirika la kuwaokoa wenye majumba waliozama katika deni, na shirika hilo likachora ramani za miji zaidi ya 200, likipaka rangi nyekundu mitaa iliyohesabiwa kuwa ya hatari kwa mkopeshaji. Na mitaa ya weusi karibu yote ilipakwa nyekundu. Mwaka 1934 likafuata shirika la kudhamini mikopo ya majumba. Kitabu chake cha kanuni katika miaka hiyo kiliwaonya wakadiriaji ya kuwa mtaa ambao watoto wake watalazimika kusoma pamoja na watoto wa kabila lisilolingana nao, thamani yake haitadumu. Msomaji na atazame vema: serikali yenyewe, kwa kalamu yake, ilifunga nyumba na skuli na rangi katika fundo moja. Hati za kuuzia nyumba ziliandikwa sharti ya kutomuuzia mweusi, na mahkama zilizitekeleza sharti hizo hata 1948. Na sheria ya nchi nzima ya kukataza ubaguzi katika kuuza na kupangisha majumba haikupatikana mpaka 1968. Basi asemaye leo kuwa kila mtu amekaa alipopenda mwenyewe, na kwamba serikali haina haki ya kuyaingilia yaliyojipanga yenyewe, amesahau ni nani aliyeyapanga.

Hata hivyo hoja ya mwenye nyumba haifai kupuuzwa, kwani wengi wa wanaoitoa si watu wabaya. Mtu na mkewe wamefanya kazi miaka kumi, wamejinyima nguo na safari, wakanunua nyumba ndogo kwa bei kubwa. Hawakuipenda nyumba kwa uzuri wake. Waliipenda kwa kuwa i upande wa skuli njema. Na bei hiyo si dhana. Mwaka 1999 mwanachuoni wa ilimu ya uchumi, Sandra Black, alilinganisha bei za nyumba zilizo pande mbili za mistari ya skuli katika vitongoji vya Massachusetts, akaona kuwa alama za mtihani wa skuli zikizidi kwa asilimia 5, wazee hulipa asilimia 2.5 zaidi kwa nyumba. Fedha hiyo ilitoka mfukoni mwao kweli. Kisha baraza lakutana usiku mmoja, mstari wasogezwa mitaa mitatu, na mtoto wao aambiwa aende skuli nyingine. Je! hawakunyang'anywa kitu?

Jawabu yake yataka kwanza kuuliza walinunua nini. Walinunua kuta na dari na kiwanja, na aliyewauzia alikuwa mmiliki wa hivyo. Lakini skuli haikuwa mali ya muuzaji, na mtu hawezi kuuza asichokimiliki. Mfano wake ni nyumba iliyo karibu na kisima cha watu wote. Bei ya nyumba hiyo hupanda kwa sababu ya kisima, na mnunuzi hulipa zaidi ili asiteke maji mbali. Walakini halipi hata akawa ndiye mwenye kisima, wala hana haki ya kusimama penye kamba akawazuia wa mtaa wa pili wasiteke. Wazee wa mji wakiamua kuwapangia watu zamu nyingine, atapata taabu, na huenda thamani ya nyumba yake ikapungua. Lakini taabu si dhulma, na faida aliyoitaraji si milki.

Tarajio si haki, nayo si upuzi pia. Mtu aliyepanga mambo yake kwa kuiamini kauli ya baraza astahili kupewa khabari mapema, na mtoto aliyebakiza mwaka mmoja astahili kuachwa amalize alipoanza. Baraza lisilofanya hivi limekosa adabu ya utawala, hata kama shabaha yake ni njema. Lakini anayetaka zaidi ya hayo, yaani mstari usisogezwe kabisa kwa kuwa amekwisha kuulipia, ametoa neno kubwa kuliko adhanivyo. Amesema kuwa skuli ya umma inauzwa. Skuli hiyo haitozi ada mlangoni pake, bali ada yake imetozwa mlangoni pa dalali wa majumba, na asiyekuwa nayo amekwisha kurudishwa kabla hajafika.

Hoja ya pili ni nzito kuliko ya kwanza. Husemwa: mtoto wa miaka saba hakuchora ramani, hakumbagua mtu, wala hajui hati za 1930, kwa nini yeye ndiye atolewe kwa rafiki zake ili kosa la babu zake lilipwe? Maneno haya huingia moyoni, na kila mzazi huyafahamu. Ila yana upungufu mmoja. Mtoto wa ng'ambo ya mstari naye ana miaka saba, naye hakuchora ramani. Hapana hali ambayo hakuna mtoto anayepangiwa mahali; kuuacha mstari ulipo ni kupanga vile vile, isipokuwa waliopangiwa vibaya wamezoeleka na kilio chao hakisikiki. Tena kupelekwa skuli nyingine si adhabu, illa skuli hiyo ikiwa mbovu. Na mzazi asemaye, "Skuli ile mbovu haimfai mwanangu," ametoa ushahidi, hakutoa hoja. Kwani yambidi aulizwe ni mtoto wa nani basi inayemfaa.

Yapo pia yaliyopimwa. Rucker Johnson wa chuo kikuu cha California, katika kitabu alichokitoa 2019, alifuata maisha ya watu waliokuwa watoto wakati skuli zilipochanganywa. Aliona kuwa weusi waliosoma katika skuli zilizochanganywa tangu udogoni walisoma miaka mingi zaidi, wakapata mshahara mkubwa zaidi, wakawa na siha njema zaidi wakubwapo. Na weupe waliosoma nao hawakupata hasara. Sababu yake si kwamba rangi huambukiza akili. Weupe walipoingia, fedha nazo ziliingia, na darasa zikapungua watu. Wenye sauti mjini wakiwa na watoto ndani ya jengo, dari ya jengo hilo haivuji muda mrefu.

Sasa lije suali la nani abebe mzigo, na hapa ndipo miji mingi ilipoharibu. Mwaka 1974 hakimu W. Arthur Garrity aliamuru skuli za Boston zichanganywe, kwa kuwa ilithibiti mbele yake kuwa baraza la mji lilizibagua kwa makusudi. Hukumu yake juu ya kosa ilikuwa sawa. Lakini miongoni mwa mitaa iliyofungamanishwa mwanzo ilikuwa Roxbury, mtaa wa weusi maskini, na South Boston, mtaa wa weupe maskini ambao wengi asili yao ni Ireland. Tarehe 12 Septemba 1974 mabasi ya watoto weusi yalipigwa mawe. Aliyerusha jiwe juu ya basi la watoto hana udhuru. Walakini vitongoji vya matajiri vilivyouzunguka mji havikuguswa, kwa kuwa ni wilaya nyingine; na hakimu mwenyewe alikuwa akikaa Wellesley, katika mojawapo ya vitongoji hivyo. Watu wa South Boston walilisema jambo hili kila siku, na lilikuwa kweli, ijapokuwa wengi wao walilisema kwa nia mbaya. Maskini wawili waliambiwa wagawane umaskini wao, na tajiri akakaa kizuizini kwake akisoma khabari zao gazetini.

Je! ingewezekana kumtia tajiri ndani ya hesabu? Detroit ilijaribu. Skuli za mji ule wakati huo watoto wake wapatao thuluthi mbili walikuwa weusi, na hakimu wa huko aliona kuwa kuchanganya ndani ya mji peke yake ni kukoroga maji kwa maji. Mpango ukawa kuunganisha mji na wilaya 53 za nje. Tarehe 25 Julai 1974, Mahkama Kuu, mahakimu watano kwa wanne, iliuvunja mpango huo katika daawa ya Milliken na Bradley: wilaya za nje hazikuthibitishiwa kosa, basi haziwezi kulazimishwa. Hakimu Thurgood Marshall, ambaye miaka ishirini kabla alikuwa wakili wa weusi katika daawa ya 1954, alipinga kwa maneno makali. Tangu siku hiyo mpaka wa wilaya umekuwa ngome, na aliyetaka kukimbia amejua umbali wa kukimbia: ni kuvuka njia moja tu.

Charlotte, katika North Carolina, ulikuwa mji wa namna nyingine, na si kwa sababu watu wake walikuwa malaika. Wakili wao Julius Chambers gari lake lilitegewa bomu mwaka 1965, na nyumba yake pia mwaka huo huo. Bali tangu 1960 mji na mashamba yote ya kando yake yalikuwa wilaya moja ya skuli. Hakimu James McMillan alipoamuru 1969 kuwa skuli zichanganywe, na Mahkama Kuu ilipoikubali amri yake tarehe 20 Aprili 1971 bila ya hakimu hata mmoja kupinga, hapakuwa na kitongoji cha kukimbilia kwa wepesi. Miaka ya kwanza palikuwa na hila: matajiri wa kusini-mashariki waliponyoka, na mzigo ukaegemea weusi na weupe wa hali ya chini. Wananchi wenyewe wakalalamika, na 1974 mpango ukarekebishwa, watoto wa majumba makubwa wakapangiwa skuli ya West Charlotte, iliyokuwa ya weusi tangu asili. Baada ya hapo kelele zilipungua. Mwaka 1984 Rais Ronald Reagan alikwenda Charlotte, akasema katika hotuba yake kuwa kuwapakia watoto mabasini kumeshindwa. Akadhani atapigiwa makofi, na watu wakanyamaza kimya. Kesho yake gazeti la mji likaandika kuwa rais amekosea. Watu walewale waliokwenda mahkamani kuupinga mpango waliona fahari kuutetea, kwa kuwa kila mmoja alikuwa amebeba fungu lake.

Iko hoja ya tatu, nayo hutoka upande usiotazamiwa. Wapo weusi waliosema kuwa kuchanganya kwa kuchanganya ni matusi. Mwanachuoni W. E. B. Du Bois aliandika 1935 kuwa mtoto mweusi hana haja ya skuli iliyobaguliwa wala ya skuli iliyochanganywa, bali ana haja ya ilimu. Na kwamba skuli iliyochanganywa yenye waalimu wamchukiao yaweza kuwa mbaya kuliko ya watu wake. Hakimu Clarence Thomas, mwaka 1995, alikataa dhana kuwa kila palipo na weusi wengi lazima pawe duni. Na baada ya 1954 maelfu ya waalimu weusi katika majimbo ya kusini walipoteza kazi, kwani skuli zilipounganishwa, iliyofungwa ilikuwa yao. Haya si maneno ya kubishana nayo kwa haraka.

Jambo hilo lilionekana wazi Brooklyn, katika New York, mwaka 2015. Skuli nambari 8 ilikuwa imefurika, na wengi wa watoto wake ni weupe. Karibu yake, skuli nambari 307 ilikuwa na nafasi tele, nayo i pembezoni mwa nyumba za serikali za Farragut, na watoto wake wengi ni weusi na wa asili ya Amerika ya Kusini. Ikapendekezwa mitaa miwili ihamishwe kutoka ya kwanza kwenda ya pili. Wa upande wa kwanza waliogopa kama ilivyotazamiwa. Lakini wa upande wa pili nao waliogopa: waliijenga skuli yao kwa jasho, ina masomo ya Kichina na ya fidla, na sasa huenda wageni wenye mali wakaingia, wakashika kamati, na baada ya miaka kumi wenyewe wakakosa nafasi. Mstari uliidhinishwa Januari 2016. Khofu ya hawa wa pili ilikuwa na akili kuliko ya wale wa kwanza, na baraza lisemalo limemaliza kazi siku ya kuchora ramani halijaanza kazi. Kuweka watoto jengo moja kisha kuwapambanua kwa madarasa, wa rangi hii juu na wa rangi hii chini, ni mstari ule ule umeingizwa ndani ya nyumba.

Sheria nayo imebana njia. Tarehe 28 Juni 2007, katika daawa za Seattle na Louisville, Mahkama Kuu ilikataza kumpangia mtoto mmoja mmoja skuli kwa kutazama rangi yake. Ila hakimu Anthony Kennedy, ambaye sauti yake ndiyo iliyokamilisha tano, aliandika kuwa baraza laweza kuchora mistari ya mitaa kwa kujua hali ya watu wanaokaa humo. Louisville ikageuza mpango wake, ikatazama mapato na ilimu ya watu wa mtaa. Na mwaka 2019 wilaya ya Howard, katika Maryland, ambamo umo mji wa Columbia ulioanzishwa 1967 kwa makusudi ya watu wa rangi zote kukaa pamoja, ilipendekezewa kuwahamisha wanafunzi wapatao 7,400, ili wenye hali duni wasirundikane katika skuli chache. Zikaja barua na maandamano, na baadhi ya barua zilikuwa za aibu. Mwezi wa Novemba baraza likaidhinisha wapatao 5,400. Kwamba watu waliojivunia kuchanganyika katika nyumba walikasirika walipoambiwa wachanganyike katika skuli, hilo lafaa lisomwe mara mbili.

Charlotte yenyewe haikudumu. Mzazi mmoja mweupe alishitaki, na 1999 hakimu mwingine akasema kuwa ubaguzi wa zamani umekwisha kuondolewa, basi amri haihitajiki. Kutoka 2002 watoto walirudishwa skuli za mitaa yao, na West Charlotte ikarudi kuwa skuli ya weusi, na safari hii ya maskini pia. Mwaka 2014 wanachuoni wa uchumi walipolinganisha miji mikubwa 50 ya Marekani, watazame ni wapi mtoto wa maskini ana tamaa ya kupanda akawa tajiri, Charlotte ulikuwa wa 50. Hapana awezaye kusema kuwa mistari ya skuli ndiyo sababu peke yake. Lakini baraza la mji liliyasoma hayo, na 2017 likajadiliana tena, likapiga kura. Skuli ya Billingsville ilikuwa ya weusi maskini, na skuli ya Cotswold, iliyo karibu nayo, ya watu wenye nafasi. Kutoka 2018 mstari uliokuwa baina ya mitaa yao ulifutwa: wadogo wote wa pande mbili huanza Billingsville, na wakifika darasa la tatu huhamia Cotswold wote pamoja.